Marianne hakuwa shangazi

Shangazi ni dada wa baba. Dada wa mama ni mama: mkubwa ikiwa amemzidi mama yako umri, mdogo ikiwa mama yako ndiye aliyemzidi. Maana ni hiyo tu, na wengi wetu tuliijua kabla ya kuanza shule. Lakini "anti" limetuzoesha kuwatia wote kapu moja, na tukikaa kutafsiri tunaandika "shangazi" kila mahali. Juzi nimekutana tena na "Shangazi Marianne", eti jina la mchoro wa Gerhard Richter, nikaona hili lisemwe.

Mchoro huo, Tante Marianne, ni wa mwaka 1965. Richter, mzaliwa wa Dresden, Ujerumani, aliuchora kutokana na picha ya albamu ya nyumbani ya mwaka 1932. Yeye ndiye mtoto mchanga aliyelazwa kwenye mto mweupe. Nyuma yake yuko msichana mwenye umri wa miaka 14 hivi. Rangi ni za kijivu, nazo zimepitishwa brashi zingali mbichi hata nyuso zimefifia kama zinazoonekana nyuma ya ukungu. Msichana ni Marianne Schönfelder, mdogo wake mama yake Richter.

Linalotuponza ni neno Tante. Wajerumani wa zamani walitenganisha kama sisi: dada wa mama aliitwa Muhme, dada wa baba Base. Kisha wakaazima tante kwa Wafaransa, nalo likameza yote mawili. Ukilifuata nyuma hadi Kilatini unafika kwenye amita, ambaye ni dada wa baba hasa; dada wa mama alikuwa matertera. Kwa hiyo neno lilianza likiwa shangazi kamili, likapoteza upande wake njiani. Letu halijaupoteza. Wanyankore wa Uganda humwita shangazi tatenkazi, yaani baba wa kike, na hata kwetu shangazi huja na sauti ya baba: akiingia harusini, upande wa baba umeingia.

Sasa tazama kinachoharibika. Mwaka huohuo Richter alichora Onkel Rudi, kijana anayetabasamu ndani ya koti refu la jeshi la Hitler. "Mjomba Rudi" ni sahihi, kwa kuwa alikuwa kaka wa mama. Lakini ukimtundika Mjomba Rudi kando ya Shangazi Marianne, msomaji wa Kiswahili anaona watu wa nyumba mbili, ilhali hao walikuwa ndugu wa tumbo moja. Rudi aliuawa vitani 1944 akiipigania dola ileile iliyomfunga kizazi kwa nguvu dada yake, kwa sababu ya ugonjwa wa akili. Marianne alikufa Februari 1945 katika hospitali ya Großschweidnitz, ambako wagonjwa kama yeye waliuawa kwa njaa na dawa.

Na ukweni pia kulikuwa na lake. Miaka ya 2000 mwandishi wa habari Jürgen Schreiber alionyesha kwamba baba mkwe wa Richter, Dkt. Heinrich Eufinger, mtu wa SS, kikosi cha chama cha Hitler, aliongoza kliniki ya Dresden iliyofunga wanawake vizazi chini ya sheria ileile iliyomfunga kizazi Marianne. Richter alikuwa amekwisha kumchora, 1964, akiwa ufukweni na familia yake.

Mjomba, mama mdogo, baba mkwe: Kiswahili kina jina la kila mmoja. Nawaomba tu wenzangu mnaotafsiri muandike "Mama Mdogo Marianne".