Polinukleotidi fosforilasi: kimeng'enya alichokigundua Marianne Grunberg-Manago

Polinukleotidi fosforilasi ni kimeng'enya (protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemia) chenye uwezo wa kuunganisha nyukleotidi moja moja, mithili ya shanga zinazotungwa uzini, hadi ziwe mnyororo wa RNA, molekuli inayobeba ujumbe wa kutengeneza protini. Kimeng'enya hicho hicho kinaweza pia kuuvunja mnyororo huo kuanzia upande wa mwisho wake. Kazi ipi kati ya hizo mbili itafanyika hutegemea viambato vilivyopo: nyukleotidi zenye fosfeti mbili (vikundi vya fosforasi na oksijeni) zikiwa nyingi, kimeng'enya hujenga na kuachilia fosfeti; lakini fosfeti ikiwa nyingi, huitumia kuvunja. Ndani ya seli hai fosfeti kwa kawaida ni nyingi, kwa hiyo kimeng'enya hiki huko ni mvunjaji zaidi kuliko mjenzi. Jambo hilo halikujulikana kilipogunduliwa, na historia yake yote imetokana na hali hiyo.

Mgunduzi wake, Marianne Grunberg-Manago, alizaliwa Petrograd mwaka 1921, na wazazi wake wakahamia naye Ufaransa akiwa bado mtoto mchanga. Huko ndiko alikokua, akasomea biolojia, na kuanza utafiti wa biokemia katika Taasisi ya Biolojia ya Kifizikia na Kikemia jijini Paris. Miaka ya 1950 alikwenda Marekani, akaingia katika maabara ya Severo Ochoa, Mhispania aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha New York.

Swali alilokwenda nalo halikuhusu RNA hata kidogo. Alitaka kujua jinsi seli inavyoifunga fosfeti ndani ya ATP, molekuli inayobeba nishati, na kwa ajili hiyo alitumia bakteria wa udongoni aitwaye Azotobacter vinelandii pamoja na fosfeti yenye mnururisho ili aweze kufuatilia inakokwenda. Fosfeti hiyo iliingia kwenye molekuli vizuri pale alipotumia ATP ya kawaida, lakini alipotumia ATP iliyosafishwa hadi kuwa fuwele, hapakutokea chochote. Mtu mwingine angeweza kuitupa sampuli na kuanza upya. Yeye alihitimisha kwamba kilichokuwa kikifanya kazi ni ADP, nyukleotidi yenye fosfeti mbili, iliyochanganyika kwenye ATP isiyo safi, na alipofuatilia mahali ADP ilipoishia, akakuta mnyororo mrefu wa nyukleotidi unaofanana na RNA. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1955, na kwa mara ya kwanza ikawa imewezekana kutengeneza asidi nukleiki ndefu nje ya seli kwa kutumia kimeng'enya.

Wengi walidhani kwamba hicho ndicho kimeng'enya ambacho seli hukitumia kuandika RNA kutokana na DNA, molekuli inayohifadhi taarifa za urithi. Haikuwa hivyo, kwa sababu polinukleotidi fosforilasi haisomi kiolezo chochote, yaani mnyororo wa kunakili: huunganisha nyukleotidi zozote inazozikuta. Mwaka 1959 Ochoa alipewa Tuzo ya Nobel, akigawana na Arthur Kornberg aliyechunguza utengenezaji wa DNA. Grunberg-Manago hakuwemo. Kwa maoni yangu hilo ni pengo lisilo na utetezi wa kuridhisha, kwani jina lake lilitangulia katika ripoti za ugunduzi na jaribio lenyewe lilikuwa mikononi mwake.

Kutosoma kiolezo, ambako kulionekana kuwa kasoro, kuligeuka kuwa faida kubwa maabarani. Mtafiti akikipa kimeng'enya nyukleotidi za aina moja tu, hupata RNA yenye herufi moja, yaani aina moja ya nyukleotidi, inayojirudia. Mwaka 1961 Marshall Nirenberg na Heinrich Matthaei walitumia RNA ya namna hiyo, iliyoundwa kwa herufi U pekee, wakaona kwamba mchanganyiko wao wa seli zilizopondwa ulizalisha mnyororo wa asidi ya amino (kiungo cha kujengea protini) moja tu, fenilalanini. Ikawa ndiyo mara ya kwanza kwa msimbo wa jeni, yaani kanuni inayooanisha herufi za RNA na asidi za amino, kusomwa, na katika miaka iliyofuata RNA zilizotengenezwa kwa kimeng'enya hiki zilisaidia kutambua sehemu nyingine za msimbo huo.

Aliporudi Paris, Grunberg-Manago alielekeza juhudi zake kwenye hatua inayofuata RNA, yaani jinsi ribosomu, mtambo wa seli unaojenga protini, inavyoanza kazi yake. Kwa miongo kadhaa yeye na wenzake walichunguza protini zinazoianzisha kazi hiyo katika bakteria, hasa ile iitwayo IF3, ambayo husaidia ribosomu kuanzia mahali panapostahili kwenye ujumbe wa RNA. Alikuwa mwanamke wa kwanza kuongoza Umoja wa Kimataifa wa Biokemia, na mwaka 1995 akawa mwanamke wa kwanza kushika urais wa Chuo cha Sayansi cha Ufaransa, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1666. Alifariki Januari 2013.

Kimeng'enya chake bado kinafanyiwa utafiti. Katika bakteria Escherichia coli hufanya kazi pamoja na protini nyingine katika kundi linalovunja ujumbe wa RNA uliokwisha kutumika, ili seli iweze kubadili haraka protini inazozitengeneza. Binadamu pia anacho, ndani ya mitokondria (sehemu za seli zinazozalisha nishati), na mwaka 2012 watafiti walionyesha kwamba mabadiliko katika jeni yake, PNPT1, yanaweza kusababisha uziwi wa kurithi au kudhoofisha uwezo wa mitokondria kuzalisha nishati.