Maikrofoni nne, priampu (kikuza sauti cha awali) moja: yanayosemwa na yalivyo

"Maikrofoni ya elektreti haihitaji umeme, ina chaji yake ya kudumu." Nusu yake ni kweli. Chaji ipo tangu kiwandani, na ndiyo waliyoitumia Gerhard Sessler na James West walipoibuni katika maabara ya Bell mwaka 1962. Ila ndani ya kikopo cha maikrofoni hiyo kuna pia transista ya FET, kikuzaji kidogo, nayo haifanyi kazi bila kulishwa: volti chache, mkondo usiozidi nusu miliampea, kupitia rezista.

Basi ukiunga maikrofoni nne kwenye priampu moja, rezista moja si itazitosha zote? Piga hesabu. Maikrofoni moja ikivuta miliampea 0.3 kupitia kiloohmu 4.7, rezista inakula volti 1.4. Nne zikichangia rezista hiyohiyo, zinataka kula 5.6, kwa chanzo cha volti 5 hakibaki kitu. Tena huwezi kupunguza sauti ya moja ukaacha nyingine. Kila maikrofoni ipate rezista yake na kapasita yake (hupitisha sauti, huzuia umeme wa kulishia), ndipo sauti zikutane.

"Ikivuma, badilisha opampu (chipu ya kukuza sauti ndani ya priampu)." Hili nimelilipia: nilibadilisha tatu, mvumo ukabaki vilevile. Mvumo wa adapta hupita kwenye rezista ya kulishia na kuingia karibu wote palepale inapoingia sauti. Mtu akizungumza umbali wa mita 1, kapsuli (kile kikopo cha maikrofoni) ya kawaida hutoa kama milivolti 0.1 tu. Milivolti 1 ya mvumo, ambayo opampu yenyewe wala haiijali, inamzidi msemaji mara kumi. Dawa ni vipande viwili: rezista ya kiloohmu 1 kwenye njia ya umeme, kisha kapasita ya maikrofaradi 100 kwenda graundi, kabla ya rezista za kulishia. Mvumo wa hezi 100 hupungua zaidi ya mara 60.

Volti 48 ambazo mikseri hutuma kulisha maikrofoni je? Usiziunge kwenye kapsuli tupu. Nyingi mwisho wake ni volti 10.

Wengine huamini maikrofoni zikiwa nyingi sauti husafika. Kila iliyo wazi inaleta kelele zake. Idadi ikizidishwa mara mbili, kelele hupanda kama desibeli 3. Ziwekee swichi, uzime zisizo na msemaji. Swichi ikae baada ya kapasita, kwani ukikata umeme wa kapsuli spika itapasua "pa!" ushtue watu wote.