Mkurugenzi wa michezo wa chuo si kocha aliyechoka

Jamani, wiki hii nimeulizwa tena, eti ukizeeka si watakupa ukurugenzi upumzike? Nimechoka na hili swali. Nafundisha kroskantri na riadha chuo kidogo huku Marekani, Divisheni ya 3, ngazi ya michezo ya vyuo isiyotoa skolashipu za michezo kabisa (wadogo zangu wa nyumbani, lishikeni hilo kabla hamjanitumia muda zenu za mbio), na hizi kazi mbili nazijua zilivyofungamana.

Mchukue Amos Alonzo Stagg, kocha maarufu wa zamani wa Marekani. Chuo Kikuu cha Chicago kilipoanza masomo 1892, rais wake William Rainey Harper alimpa idara nzima ya michezo. Futiboli ya Kimarekani alifundisha misimu 41, besiboli na riadha miaka kibao, basketi msimu mmoja. Watu wakisikia hivyo wanasema aah, zamani michezo ilikuwa myepesi. Sio wepesi, ni kalenda: futiboli inaisha Novemba, basketi inashika miezi ya baridi, theluji ikiyeyuka ndio besiboli na riadha, na mara nyingi vijana ni walewale, huyu anayekimbia na mpira Oktoba ndiye unamkuta kwenye mbio fupi Aprili, kwa hiyo lazima awepo mtu wa kusema huyu apumzike wiki hii, na uwanja leo ni wa nani, na hela ya safari inaenda wapi. Huyo ndio mkurugenzi. Kazi ilizaliwa hapo, kwenye kugawa.

Sasa sikilizeni hapa maana ndipo panaponiudhi. Harper alimpa Stagg na cheo cha ualimu chenye ajira ya kudumu, kwa hiyo timu ilipodorora miaka ya mwisho hakuna aliyeweza kumfukuza kwa sababu ya matokeo, kilichomtoa 1932 ni umri, miaka 70. Akaenda kupumzika? Wapi! Alihamia California, College of the Pacific, akafundisha futiboli mpaka 1946, na 1943 makocha wenzake wakamchagua kocha wa mwaka akiwa na miaka 81. Yaani ukurugenzi ndio aliuacha, ukocha akaendelea nao. Mnaona mnavyoisoma kinyume?

Ila kuna kitu kinanisumbua, na kozi za uongozi wa michezo zinakipita haraka. Mtu anayegawa fungu huku ana timu yake mwenyewe, atagawa kwa haki kweli? Stagg alipanga ratiba yake, mechi nyingi akazivuta nyumbani Chicago. Huku kwenye vyuo vidogo bado kuna wakurugenzi wanaofundisha timu, nawaheshimu, lakini sina uhakika kama mimi ningeweza kukata bajeti ya wanariadha wangu ili timu nyingine ipate basi.

Na tangu sheria ya Title IX ya 1972, ile inayokataza ubaguzi wa kijinsia kwenye shule na vyuo vinavyopokea hela ya serikali kuu ya Marekani, lazima nafasi za wanawake na wanaume zigawiwe kwa haki, sio hiari ya bosi. Mvua ikinyesha Jumamosi ya Aprili uwanja wa besiboli ukajaa maji, mkurugenzi anaamka alfajiri kupigia simu marefa, dereva wa basi, chuo pinzani na jikoni, halafu saa nne anasimama kwenye mechi ya tenisi ya wasichana maana nao ni watoto wake.

Anayeitaka hii kazi aanze kwa kumuomba mkurugenzi wake ampe ratiba ya msimu mmoja aipange, na bajeti yake.