Mtoto "hasikii": usikivu hafifu si ukaidi

"Huyu sikio la kufa, hasikii kabisa." Juzi nimeyasikia tena maneno hayo, safari hii yakisemwa juu ya mtoto wa miaka mitatu, na yaliniuma. Usikivu hafifu maana yake ni fupi: sauti haipenyi sikioni ipasavyo, au inapenya lakini haifiki kwenye ubongo ikiwa kamili. Huweza kuwa sikio moja au yote mawili, kidogo au sana.

Kinachotuchanganya ni kitenzi chenyewe. Tunasikia sauti, tunasikia harufu, tunasikia njaa, tunasikia baridi. Kisha tunaonya kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na hapo kusikia kumekuwa kutii. Hata "msikivu" tunamsifu mtiifu. Basi mwenye masikio mabovu na mkaidi wote tunawaita "hasikii", na wa kwanza anachapwa kwa kosa la wa pili. Kusikiliza nako ni jambo jingine, ni kutega sikio kwa hiari, na hakuna awezaye kusikiliza asichokisikia.

Upana huohuo wa neno hutupoteza tunapompima mtoto nyumbani. Unapiga makofi nyuma yake, anageuka, unatulia. Kweli kasikia, lakini huenda kasikia upepo wa viganja shingoni, au kaona kivuli. Mlango ukibamizwa, mtikisiko humfikia kwenye nyayo. Na hata sauti ikiingia sikioni, maneno yana shida yake: irabu zina nguvu, ila f, s na sh ni nyembamba na dhaifu. Mtoto asiyezipata sauti nyembamba, ukimwambia "fisi" huenda akaambulia "i-i" tu. Utamwona ameitika, ilhali hakuelewa.

Wala vijisauti vya uchangani visikutulize. Asiyesikia kabisa naye hulia, hucheka na kubwabwaja miezi ya mwanzo. Baadaye vijisauti vinafifia badala ya kugeuka maneno. Watu wakaanza kumwita bubu, na koo lake ni zima.

Kichanga hupimwa hata akiwa usingizini: kifaa kidogo sikioni hutoa mlio na kunasa mwangwi unaorudi kutoka sikio la ndani. Wataalamu hulenga apimwe kabla ya mwezi 1, tatizo lithibitishwe kabla ya miezi 3, na msaada uanze kabla ya miezi 6. Tiba hufuata chanzo. Nta hutolewa. Majimaji nyuma ya ngoma ya sikio mara nyingi huisha yenyewe ndani ya miezi 3, na yakikaa sana daktari huweza kuweka kijirija, yaani kibomba kidogo, kwenye ngoma hiyo. Sikio la ndani likishaumia, kwa mfano kwa homa ya uti wa mgongo, kwa kawaida dawa hairudishi kilichopotea. Hapo kuna kifaa cha kusaidia kusikia, kipandikizi cha koklea (kifaa kinachopandikizwa kwenye sikio la ndani), na lugha ya alama, ambayo haifai kucheleweshwa.

Kwa hiyo naomba tu hivi. Ukifika kwa daktari, usiishie kwenye "hasikii". Mweleze ulichokiona: haitiki akiwa amenipa mgongo, ananitazama mdomo ninapoongea, anaongeza sauti ya televisheni. Na mtoto aliyekusikia vizuri akagoma, sema amekataa.