Kusoma chuo cha nje ukiwa kwenu: yanayosemwa na yalivyo

Tangazo likidondoshwa kwenye grupu la darasa kwamba chuo fulani cha Ulaya au Asia kinapokea wanafunzi wa kubadilishana kwa njia ya mtandao, watu hugawanyika papo hapo. Kuna wanaosema ni utapeli, na kuna wanaoanza kuulizia koti la baridi. Wote wamekosea, ingawa wa kwanza angalau hawajapoteza hela.

“Ni kozi za mtandaoni tu, kama zile za kujisomea”

Kozi ya kujisomea unaifungua usiku wa manane, unakimbiza video, unabofya majibu, unachapisha cheti. Kwenye ubadilishanaji kuna watu upande wa pili wanaokusubiri. Wakati mwingine chuo cha nje kinakufungulia darasa lake la kawaida: unasajiliwa, unahudhuria, unafanya mtihani, unapewa alama. Wakati mwingine wahadhiri wawili wa nchi mbili wanaunganisha madarasa yao kwa wiki chache, wanawachanganya wanafunzi kwenye vikundi na kuwapa kazi moja ya pamoja. Mtindo huu wa pili hujulikana kwa kifupi kama COIL, na kwangu ndio wenye utamu.

Chukua darasa la biashara la Dar es Salaam likiungana na la Ujerumani, kazi ikiwa kufuatilia bei ya viazi kutoka shambani hadi kwa mlaji. Mjerumani anapiga picha lebo dukani: bei, uzito, nchi vilikotoka, vyote vimechapwa. Mwenzake anakwenda soko la Mabibo anakuta gunia limevimba, limeongezwa kilemba juu na kushonewa kamba, na bei inatajwa kwa gunia. Sasa amweleze mtu wa Hamburg lumbesa ni nini. Gunia lina kilo ngapi? Inategemea limeshonwa na nani. Jibu hilo ni la kweli, ila haliingii kwenye jedwali, kwa hiyo kikundi kinabaki na maswali ya haki: nani anabeba hasara, kwa nini mkulima anakubali, na kwa nini sheria ya vipimo ipo na lumbesa bado ipo. Hayo huwezi kuyanakili popote.

“Ni mambo ya korona”

Korona iliyasukuma, haikuyazaa. Shirika la Soliya lilianza mwaka 2003 kwa kuwakutanisha wanafunzi wa Marekani na wa Mashariki ya Kati kwa mazungumzo ya video. Chuo Kikuu cha Jimbo la New York kilifungua kituo chake cha COIL mwaka 2006. Umoja wa Ulaya uliingia mwaka 2018 kwa majaribio yaliyolenga nchi za kusini mwa Mediterania, na katika awamu ya 2021–2027 ya Erasmus+, mpango wake wa elimu na ubadilishanaji, Afrika kusini mwa Sahara nayo ikajumuishwa.

“Yeyote anaweza kuomba”

Hapa wengi huumia bure. Neno lenyewe ni kubadilishana, yaani chuo kwa chuo, kwa makubaliano. Mpango wa APRU, umoja wa vyuo vikuu, ulioanza mwaka 2020, kwa mfano, ni wa vyuo vinavyoizunguka Bahari ya Pasifiki. Mwanafunzi wa Dodoma au Eldoret hata awe na alama za kutisha, mlango wake si huo. Anza na ofisi ya uhusiano wa kimataifa ya chuo chako, uliza mna makubaliano na nani. Ukijibiwa kwamba hakuna, mtafute mhadhiri wako. COIL inaweza kuanza na wahadhiri wawili walioelewana.

“Alama zitahamia zenyewe”

Haziwezi kuhamia zenyewe, na hili ndilo linalowakata watu moyo mwishoni mwa muhula. Krediti 1 ya mfumo wa Ulaya ni saa 25 hadi 30 za kazi ya mwanafunzi, na mwaka mzima una krediti 60. Kwa mfumo wa Tanzania krediti 1 ni saa 10, na mwaka una 120. Kwa hiyo kozi ya krediti 5 za kule inaonekana kibarua kidogo ukiiweka karibu na kozi ya krediti 12 za hapa. Piga hesabu ya saa: ya kule ni 125 hadi 150, ya hapa ni 120. Ile uliyoidharau ndiyo nzito.

Kuna na alama zenyewe. Ujerumani 1.0 ndiyo ya juu kabisa, 4.0 ndiyo ya kupita kwa shida, na 5.0 umefeli. Hapa Tanzania tumezoea GPA ya 5 ikimaanisha umetisha. Ukirudi na 1.3 yako bila karatasi ya kuieleza, usishangae mtu wa mitihani akikutazama kwa huruma. Ndiyo maana makubaliano ya masomo husainiwa na idara yako kabla ya kipindi cha kwanza: kozi gani, inachukua nafasi ya ipi, alama zitageuzwa vipi.

“Nitasoma kwa muda wangu”

Sehemu fulani, ndiyo. Vipindi vya pamoja vina saa yake, na saa hiyo husogea. Sisi hatubadilishi saa, Ulaya hubadilisha Jumapili ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba. Kipindi cha saa 8 mchana kwa Ujerumani kitakuwa kwetu saa 10 jioni wakati wa baridi, na saa 9 alasiri wakati wa kiangazi. Marekani nao wana tarehe zao tofauti. Andika muda kwa mfumo wa saa 24, utaje na mji, maana anayeandika 3:00 na anayesoma saa tatu asubuhi hawatakutana.

“Ni bure kabisa”

Ada ya chuo mwenyeji mara nyingi husamehewa. Ya chuo chako unaendelea kulipa kama kawaida. Bando ni juu yako, na boom, ile hela ya mkopo ya kujikimu, haliongezwi kwa ajili hiyo. Saa moja ya video ya kikundi inaweza kula karibu GB 1 kamera zikiwa wazi. Ukizima yako na kuwaambia wenzako sababu, hakuna anayenuna. Kukaa kimya kamera imezimwa ndiko kunakofanya wakuone kama haupo.

Na kama hofu yako ni Kiingereza, kwa wengi utakaokutana nao, kuanzia Mfini hadi Mjapani, nacho ni lugha ya kujifunza.

“Ikishapatikana barua, viza ni rahisi”

Huvuki mpaka, kwa hiyo hakuna viza inayohusika. Barua ya kukubaliwa kwenye kozi ya mtandaoni si barua ya viza ya masomo. Anayekutaka utume hela ya “kufuatilia ubalozi” kwa programu kama hii, mblock. Kama hamu yako ni kusafiri, ulizia programu fupi za Erasmus+ zinazochanganya masomo ya mtandaoni na siku 5 hadi 30 za kuwepo chuoni. Hizo ndizo zenye mambo ya nauli, bima na viza, na zina foleni yake.