Lile la Puabi si taji

Mwezi huu amekuja bibi harusi wa tatu na picha ile ile kwenye simu, ya mapambo ya kichwa ya Puabi. "Fundi, nataka taji la malkia wa Wasumeri." Nimemjibu kwa upole kama wenzake, ila naandika hapa ili nisirudie tena: si taji, na halikuwahi kuwa kitu kimoja.

Vitu vile vilitoka kaburi nambari 800 la Uru, mji wa kale wa Wasumeri kusini mwa Iraki, ambalo mwanaakiolojia Mwingereza Leonard Woolley alilichimba msimu wa 1927–1928. Udongo ulikuwa umelala juu ya malkia kwa karne 45 hivi. Kichwa kilikuwa kimepondeka na nyuzi za shanga zimeoza. Palibaki utepe wa dhahabu, mashada ya majani yaliyokatwa kwenye bati jembamba la dhahabu, shanga za lazuli (jiwe la buluu) na akiki (jiwe jekundu), na kitana chenye maua saba. Kichwa mnachokiona kwenye picha za zamani alikifinyanga Katharine Woolley, mke wa mchimbaji. Ukubwa wake ulikadiriwa kwa kufuata mizunguko ya utepe, ikichukuliwa kwamba malkia alivaa wigi nene. Ukiiondoa wigi, umbo lote linabadilika. Hata zile herini pana mfano wa mwezi mchanga, zilizo wazi ndani, hazina hakika kama zilining'inia sikioni au zilishikizwa kwenye nywele.

Kuna na seti ya pili, iliyokutwa kando yake: shanga ndogo ndogo za lazuli, maelfu, pamoja na wanyama na mimea ya dhahabu. Woolley aliishona yote kwenye ukanda mmoja, ikaitwa taji na kuonyeshwa hivyo kwa miaka mingi. Watafiti waliorudia kumbukumbu zake za uchimbaji waliona kuwa yaelekea zilikuwa nyuzi kadhaa mbalimbali. Humo mna vidani alivyodhani ni masuke ya nafaka, hadi Naomi Miller, mtaalamu wa mimea ya kale, alipoonyesha kuwa ni vichala vya maua ya mtende, vya dume na vya jike. Aliyewahi kuona mtende jike ukipakwa chavua kwa mkono ataelewa kwa nini mtu wa Uru aliona maua hayo yanastahili dhahabu.

Lazuli ilitoka Badakhshan, Afghanistan, akiki ilitoka upande wa Bonde la Indus, huko Pakistan na India ya leo. Sumeri yenyewe, nchi ya Wasumeri, haina dhahabu. Mengine ya biashara hiyo nitayaandika siku nyingine.

Jambo la umalkia nalo linahitaji uangalifu. Muhuri wake wa lazuli unasema "Puabi, nin". Neno nin laweza kuwa malkia, bibi mkubwa, au kuhani wa kike, na muhuri hautaji mume. Mimi humwita malkia kwa sababu ya wingi wa mapambo. Hiyo ni sababu ya sonara, haimalizi hoja.

Wingi, nasema, si aina. Shimo nambari 1237, katika makaburi yale yale ya Uru, lilikuwa na maiti za watu 74, wanawake 68, na wengi wao walivaa tepe, majani na herini za namna ile ile. Tena dhahabu hubaki iking'aa ilhali fedha huliwa na chumvi ya ardhini ikawa unga, kwa hiyo picha zinatuonyesha dhahabu nyingi kuliko ilivyokuwa vichwani mwao.

Bibi harusi wetu huvishwa kikuba, herini, kipini, vikuku, kila kimoja kwa mkono wa shangazi au somo, na hakuna anayeyaita yote taji. Uru nako yaelekea walivishwa hivyo, kimoja kimoja. Mmoja wa wanawake wa shimo lile hakuwa na utepe kichwani. Wake wa fedha ulikutwa usawa wa kiuno, umeviringwa vizuri kama ulivyotoka kuwekwa, na kwa kuwa haukufunguliwa, fedha yake ilisalimika. Woolley alifikiri alichelewa kuvaa.

Bibi harusi wa tatu nimemkatia majani tisa, na utepe wake nimeuviringa kando.