Pua ya pikapu ukiitazama ukiwa juu ya baiskeli

Mi kazi yangu ni saspensheni. Springi, shokapu, bushi, bolijointi, na kwa miaka mingi sehemu nzuri ya hela yangu imetoka kwa watu wanaotaka pikapu zao zinyanyuliwe, mmoja inchi 2, mwingine 6, mwingine anakuja na picha kwenye simu anasema nataka kama hii hapa na ukimuuliza ni inchi ngapi hajui. Na asubuhi naenda kazini kwa baiskeli. Kwa hiyo tukikaa na wenzangu wa baiskeli wakaanza kuyasema haya magari mi huwa natazama chini, maana mengine nimeyanyanyua mwenyewe kwa mikono hii.

Maneno ya watu wa baiskeli nishayazoea. Kuna wanaosema wenye hizi gari wanatuchukia, wananunua gari kubwa ili watutishe. Kuna wanaosema gari ni gari tu, ikikugonga imekugonga, we angalia dereva. Alafu kuna wa tatu, hawa ni wachache na wengi wao ni wazee wa masafa marefu, watakwambia pikapu iliyovuta trela ndo inaovateki kwa heshima kuliko kagari kadogo ka mtu anayechelewa, kwa sababu anayevuta trela kashazoea kufikiria upana wa gari yake. Wote nawaelewa. Ila wote wanaongelea mtu aliyeko ndani, na mi nikiwa chini ya gari na spana mkononi simuoni mtu, naona pua tu.

Tuanze na uzito maana ndo kitu cha kwanza watu wanakitaja, "tani mbili na nusu ile, itakusaga". Sawa, ila piga hesabu. We na baiskeli yako mko kama kilo 85. Gari ndogo ya kilo 1,300 ikikupiga kwenye spidi 50 mkaenda pamoja, inakusukuma mpaka unafika kama 47. Pikapu ya kilo 2,600, mara mbili yake, inakufikisha kama 48. Basi, tofauti ndo hiyo. Mbele ya kilo 85 hata gari ndogo ni ukuta, kuongeza uzito wa ukuta hakubadilishi sana kitu. Uzito unaniumiza kichwa kwenye breki, hapo nitarudi, lakini kwenye kugongwa kwenyewe kinachoamua ni mahali inapokupiga.

Ukiwa umekaa kwenye siti ya baiskeli nyonga yako iko karibu mita moja kutoka chini. Gari ndogo ya saluni ya kawaida, bampa yake inakukuta kwenye mguu na fremu, chini ya kiuno kabisa, kwa hiyo unapanda juu ya boneti, unaburuzika kwenye kioo, unaumia vibaya, ila mwili unakwenda juu na nguvu inatumika kidogo kidogo. Pikapu yenye pua iliyosimama wima haina mambo hayo. Inapiga paja, nyonga, mbavu na bega kwa pamoja kama mlango uliofunguliwa kwa hasira, na kwa sababu imekupiga juu ya katikati ya uzito wako inakutupa mbele na chini. Chini ndo kuna magurudumu. IIHS, taasisi ya usalama barabarani ya Marekani inayolipiwa na makampuni ya bima, mwaka 2023 walitoa uchambuzi wa ajali karibu 18,000 za watembea kwa miguu, wakakuta gari ambazo boneti yake iko zaidi ya inchi 40 kutoka chini, yaani kama sentimita 102, zina uwezekano wa kuua mkubwa zaidi kwa kama asilimia 45 kuliko zile za inchi 30 kushuka zenye pua iliyolala. Hizo ni gari zilivyotoka kiwandani wengi wao, kabla mtu kama mimi hajazigusa. Pikapu kubwa nyingi za siku hizi zinapita hizo inchi 40 bila msaada wa fundi yeyote.

Sasa nikinyanyua inchi 6, hiyo ni sentimita 15 juu ya hapo. Pua iliyokuwa inaishia kifuani inapanda mpaka karibu na shingo.

Jambo la pili ni kuona, na hapa ndo nimebadilisha mawazo yangu kabisa baada ya kukaa na kalamu. Nilikuwa najua tu kwamba ukinyanyua gari unaongeza eneo lisiloonekana mbele. Nikachukua vipimo vya mfano, jicho la dereva mita 1.8 kutoka chini, ncha ya boneti mita 1.25, na kutoka jichoni mpaka ncha ni mita 2.2. Chora mstari kutoka jichoni upite juu ya ncha mpaka ugonge lami, unapata mita 5 mbele ya boneti ambazo dereva haoni chini kabisa. Nyanyua gari nzima sentimita 15, mbele na nyuma sawasawa, hizo mita 5 zinakuwa 5.6. Siyo mabadiliko ya kutisha kama nilivyotegemea, kwa sababu jicho na boneti vimepanda pamoja na mstari haujabadilisha mteremko.

Alafu nikapiga hesabu ya ile kazi ndogo, ile ambayo mteja anaipenda kwa sababu ni rahisi na haraka, ya kusawazisha. Pikapu kiwandani inatoka ikiwa imeinama mbele kidogo ili ukiipakia mzigo nyuma ikae sawa. Watu hawapendi huo mwinamo, kwa hiyo tunaweka spesa, yaani kipande cha kujazia, juu ya springi za mbele, inchi 2 tu, nyuma hatugusi. Sentimita 5. Nani atalalamika kwa sentimita 5? Ila sasa umeigeuza gari ielekee juu, boneti imepanda kuliko jicho, na kwenye vipimo vyangu vilevile eneo lisiloonekana likaenda mita 5.5 na kitu. Yaani spesa ya sentimita 5 mbele peke yake imefanya karibu uharibifu uleule wa kunyanyua gari nzima sentimita 15! Nilirudia hesabu mara tatu nikidhani nimekosea. Na hizo spesa nimeweka nyingi kuliko nilivyowahi kunyanyua gari nzima, nilikuwa naziita kazi za chai.

Ndo maana ule mtindo wa kuinua mbele na kushusha nyuma, gari inakaa kama mbwa aliyechuchumaa, nauona ni wa hatari kuliko lile lidude la inchi 10 lenye matairi ya trekta ambalo kila mtu analipiga picha. Dereva anaendesha akiangalia mawingu. Kule Marekani, jimbo la North Carolina waliupiga marufuku kuanzia Desemba 2021, sheria yao inapima ukingo wa bodi juu ya tairi, wa mbele ukizidi wa nyuma kwa inchi 4 au zaidi umevunja sheria. Virginia wakafuata 2022, South Carolina 2023. Sheria nzuri ila inchi 4 ni nyingi jamani, mi nishakuonesha 2 zinafanya nini.

Kwa mtu wa baiskeli hii maana yake ni makutano. Watu wengi wa baiskeli wanaogopa gari inayotoka nyuma, wanaweka vioo kwenye helmeti, wanasikiliza mlio, na kweli nyuma inatisha. Lakini kwenye pikapu iliyonyanyuliwa mi naogopa zaidi taa zikiwa nyekundu, pale unapojipenyeza mbele na kusimama karibu na bampa yake. Ukiwa umesimama wima juu ya baiskeli kichwa chako kinaonekana. Ukiinama kurekebisha pedali umepotea. Mtoto kwenye baiskeli ndogo amepotea hata akiwa kanyooka. Na baiskeli zile za kulala au za kukanyagwa kwa mikono, hizo usiziweke mbele ya pikapu kabisa, kaa nyuma yake uvute moshi wake usubiri. Alafu ongeza ile nguzo ya pembeni ya kioo cha mbele, ambayo kwenye gari kubwa ni nene kama paja, wakati anakata kona inakufunika mzimamzima, na kwa bahati mbaya inatembea kwa spidi ileile unayotembea wewe.

London wao walishafikia hapa kwenye malori. Malori ya zaidi ya tani 12 yanapewa nyota 0 mpaka 5 kwa kile dereva anachokiona kwa macho yake kupitia vioo vya dirisha, siyo kamera, na tangu Oktoba 2024 ukiwa chini ya nyota 3 huingii mjini mpaka ufunge vifaa vya ziada vya usalama. Nikiwaza hivo halafu naangalia pikapu ya mtu binafsi ambayo mtu anaipandia kwenda dukani, nacheka peke yangu.

Kuovateki nitapita haraka, ila kuna hesabu moja. Marekani majimbo mengi yanataka gari ikupe futi 3, sentimita 91, Wisconsin walianza na hiyo tangu 1973. Pikapu kubwa ya kawaida kama F-150 ukihesabu na vioo vya pembeni ina upana wa mita 2.4 na ushee. Wewe chukua sentimita 75. Jumla unapata mita 4 na zaidi, na leni pana kabisa ya kule ni mita 3.7. Haiingii! Hakuna namna ya kukupita kihalali bila kuvuka mstari, awe mstaarabu au awe nani. (Kwa haki, hata saluni inabanana hapo, kwa hiyo tusijifanye.) Tofauti ni kioo. Kioo cha saluni kikikosea kinapita kwenye mkono wako, cha pikapu iliyonyanyuliwa kinapita begani au kichwani, na vile vikubwa vya kuvutia trela watu wanavivuta nje wanasahau kuvirudisha. Alafu rimu za kutokeza nje ya bodi, ambazo mi nazichukia hata nisingekuwa na baiskeli, zinarusha kokoto pembeni moja kwa moja.

Moshi. Kuna watu wanafungua programu ya injini ya dizeli ili iteme moshi mweusi makusudi, na sisi ndo shabaha wanayoipenda. Hiyo sitaki kuielezea kifundi, nisije nikamfundisha mtu. New Jersey walipiga marufuku 2015, Colorado 2017. Karibu na Waller, Texas, Septemba 2021 kijana kwenye pikapu aliripotiwa kuwatemea moshi watu wa baiskeli waliokuwa mazoezini na kisha akagonga 6. Kwa hiyo nikisema tuongelee pua simaanishi wabaya hawapo. Wapo. Ila kwa miaka yote niliyohudumia wateja hawa wengi wao ni watu wa kawaida wanaopenda gari iliyo juu, na mtu wa kawaida asiyekuona anakugonga sawa na mbaya aliyekuona.

Breki nilisema nitarudi. Ukitoa tairi la inchi 32 ukaweka la 35, breki ileile, mguu uleule, nguvu ya kusimama pale tairi inapogusa lami inapungua kama asilimia 9, hapo bado hujahesabu uzito wa tairi lenyewe. Mteja anahisi pedeli imekuwa laini, anazoea ndani ya wiki, basi imeisha. Taa nazo zimepanda na gari, usipozielekeza upya zinapiga moja kwa moja machoni mwa mtu wa baiskeli anayekuja, na kuzielekeza ni dakika 15 na bisibisi! Radar na kamera za kufunga breki zenyewe nazo zinatakiwa zipimwe upya baada ya kunyanyua, na hiyo ndo kazi ambayo mteja anaikata kwanza akiona bei.

Juzi kaja mmoja anataka spesa za mbele, inchi 2.5. Baiskeli yangu huwa naiegesha ukutani pale gereji. Nikamwambia kaa kwenye siti ya dereva, nikaichukua baiskeli nikailaza chini mbele ya bampa, nikamuuliza unaiona. Akasema hapana. Nikaisogeza mbali na bampa hatua moja, hapana. Ya pili, ya tatu, hapana. Hatua ya nne mpaka ya sita hivi ndo akaona gurudumu. Na hapo sikuwa nimefunga kitu, ilikuwa kama ilivyotoka kiwandani. Akakaa kimya akashuka akaja kuangalia baiskeli ilipolala, akarudi akapanda tena kuangalia.

Mwishowe akasema tunyanyue gari nzima basi, mbele na nyuma sawa, inchi 2, na niielekeze taa na kumuwekea kamera ya mbele. Nikafunga. Ile kamera nimeiweka chini kabisa ya grili, na skrini yake inawaka yenyewe gari ikiwa chini ya spidi 15, kwa sababu kama ingekuwa ya kuwasha kwa kidole asingeiwasha, namjua.

Jioni nilivyotoka tukakutana kwenye taa nyekundu, yeye nyuma mi mbele. Nikasogea pembeni hata hivyo.